Aliyeipa Meza Mgongo

Hospitali nzima ilimwita Shangazi. Mlinzi wa getini alimwita hivyo, mkurugenzi alimwita hivyo, na mama aliyelazwa na mwanawe kwa siku chache tu aliondoka akimuaga kwa jina hilo. Wengi walidhani ni heshima ya umri. Sivyo. Jina lililetwa wodini na mtoto, binti wa mdogo wake wa kiume. Kila baba yake alipopita kumsalimia dada yake kazini, mtoto yule alijichomoa mkononi na kukata mbio ukumbini akipaza sauti, "Shangazi yuko wapi? Mwambieni nimekuja!" Wauguzi wakacheka, wakaliokota jina, likaenea. Mtoto mwenyewe wakampa la kwake: Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika.

Mimi nilifika pale Chiriku akiwa ameshafariki. Nilikuwa daktari mpya, koti bado lina mikunjo ya dukani, nimetumwa kwenye idara ya dharura ya watoto kujifunza kazi. Kwa hiyo mwanzo wa habari hii nimeusikia kwa Shangazi mwenyewe na kwa muuguzi mkuu, lakini sehemu ya katikati niliiona kwa macho yangu, tena nikiwa nimekaa mahali pabaya.

Shangazi alikuwa daktari bingwa wa watoto, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, ambaye mifuko ya koti lake ilijaa pipi, kalamu zisizoandika na vitambaa vya kufutia makamasi ya watu wengine. Hakuolewa. Ukimuuliza alisema wodi ilimposa mapema na yeye akakubali bila kufikiri. Wazazi wao walifariki yeye akiwa bado msichana, na huyo mdogo wake akalelewa na yeye: alimuogesha, alimpeleka shule, alimchapa alipotoroka shule, akakubali kushindwa pale kijana alipokataa vitabu na kushika brashi. Akawa mchora vibao. Vibao vya vinyozi, vya maduka ya dawa, vya shule za watoto, nusu ya mtaa ilisomeka kwa herufi zake. Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake, mikebe ya rangi imepangwa ukutani, na hapo hapo ndipo Chiriku alipojifunzia kutembea.

Chiriku alikuwa na pumu. Haikuwa ya kutisha sana. Ilikuja msimu wa vumbi, ikaondoka, na shangazi yake alikuwa amewafundisha wazazi wote wawili namna ya kumpa dawa ya kuvuta. Siku ile ilianza asubuhi kama siku nyingine za pumu, ila dawa ya kuvuta haikufua dafu. Baba akampigia dada yake simu, haikupokelewa. Akampigia tena. Mwisho akamtia mtoto begani, akamwambia mkewe, "Nakwenda naye, wewe nifuate," akaondoka.

Shangazi hakupokea kwa sababu alikuwa ghorofani anasimamia mtihani wa wanafunzi wa udaktari. Simu yake aliizima, akabaki na ile ya idara peke yake.

Chini, katika chumba cha dharura, alikuwepo kijana mmoja mpole, daktari aliyetoka chuoni hivi karibuni. Hakujua mtoto ni wa nani. Alimsikia akipumua kwa mluzi mkali kifuani, akamuwekea mashine ya mvuke wa dawa, akamwambia baba asubiri nje. Mara akaletwa mtoto aliyemwagikiwa maji ya moto, chumba kikajaa vilio, yule kijana akahamia huko. Aliporudi kwa Chiriku alikuta mluzi umeisha. Mtoto amelegea, macho nusu yamefumba. Akaona ni ahueni. Akatoka akamwambia baba, "Ametulia," kisha akainua simu ya idara.

"Daktari, samahani kukusumbua. Nina mtoto wa pumu hapa. Alikuja na mluzi mkali, nimempa mvuke. Sasa mluzi umeisha, ametulia, anataka kulala."

"Vizuri," Shangazi akajibu kwa sauti ya chini, jicho lake likiwa kwa mwanafunzi aliyekuwa anachungulia karatasi ya mwenzake. "Endelea na mvuke. Nikimaliza hapa nashuka."

Akakata simu, akarudi kutembea katikati ya madawati.

Kwa asiye wa kazi hii nieleze kidogo. Katika pumu, mluzi ni hewa inayopenya kwa taabu kwenye njia iliyobana. Unatisha masikioni, lakini ukiusikia ujue hewa bado inapita. Mluzi ukikoma na mtoto akachangamka, akaomba maji, akataka kushuka kitandani, hapo shukuru. Ukikoma na mtoto akalegea, basi mara nyingi hewa haipiti tena, hata ya kupigia mluzi haipo. Tunaita kifua kimya. Shangazi alilifundisha jambo hilo mpaka sauti ikamkauka. Kulikuwa na swali lake katika mtihani ule ule aliokuwa anausimamia.

Aliposhuka alimkuta mdogo wake kwenye benchi la nje, ameshika kandambili za mtoto, moja kaiingiza ndani ya nyingine. Alimuona dada yake, akasimama, akatabasamu.

"Dada, nimekupigia weee! Lakini usihangaike, wamesema ametulia."

"Nani ametulia?" Shangazi akauliza, na swali halijamtoka lote alikwisha kujua. Akalisukuma pazia.

Walifanya yote waliyopaswa kuyafanya mapema. Oksijeni, mvuke usiokatika, dawa ya mshipani, mikono juu ya kile kifua kidogo. Muuguzi mkuu aliniambia kwamba Shangazi hakupandisha sauti hata mara moja, alitoa maagizo kama anayesoma, na ilibidi wamshike viganja ndipo aache.

Kwenye kikao cha hospitali cha kuchunguza vifo, alisimama mbele ya wenzake akasema kila kitu. Alisema simu ilimjia, alisema aliambiwa mluzi umeisha na mtoto anataka kulala, alisema hakuuliza kama kifua kinapitisha hewa. Hakumtupia lawama yule kijana. "Yeye alikuwa na miezi kazini," alisema. "Mimi nina nywele nyeupe."

Lakini hayo aliyasema huko, mlango umefungwa. Nyumbani ilikuwa habari nyingine.

Baada ya mazishi, watu wakiwa wameanza kutawanyika, mdogo wake alimvuta pembeni ya nyumba, pale walipopanga viti vya kuazima.

"Dada, wewe ndiye unayejua. Kuna kitu kingeweza kufanyika?"

Shangazi alimtazama. Alikuwa amevimba macho, shati amelivaa nje ndani. Akamshika bega.

"Hakuna, mdogo wangu. Kila kilichowezekana kilifanyika."

Aliniambia alidhani anampa mto wa kulalia. Alipanga kumweleza vizuri baadaye, machozi yakikauka, pengine baada ya wiki chache. Wiki zikapita. Kila aliponuia kusema alimkuta amekaa mahali fulani anatazama ukuta, akaona si leo.

Sasa mtu akiambiwa hakuna kilichokosewa hospitalini, haachi kutafuta. Anatafuta nyumbani. Wifi yake Shangazi, mama yake Chiriku, alianza kutazama ile mikebe ya rangi. Harufu yake ilikuwa kwenye mapazia, kwenye nguo, kwenye mto wa mtoto. Siku moja akasema kwa sauti lile ambalo wote wawili walikuwa wameshaliwaza.

"Ni rangi zako. Nilikuambia ukafanyie kazi nje, ukasema jua linakausha haraka."

Mume hakubisha. Hilo ndilo lililouvunja moyo wa Shangazi aliposimuliwa: kwamba hakubisha hata kidogo. Alitoa mikebe yote, akaigawa, akaosha brashi akazigawa pia. Akaenda kutafuta kazi ya kufungua na kufunga geti la ghala. Nyumba ikapoa kama jiko la jana. Wifi akawa anakaa zaidi kwa dada zake kuliko kwake, mwisho akahamisha na sanduku.

Shangazi aliitwa kusuluhisha. Alikaa kati yao, akasema, "Msilaumiane, jamani. Kulaumiana hakumrudishi mtoto." Maneno mazuri, yeyote angeyasema. Ila yeye ndiye pekee aliyekuwa na maneno mengine, akayameza na chai.

Huko kazini hakupumzika. Alikuwa na swali moja lililomkera: kwa nini vijana wanaopata alama zote kwenye mtihani wanasahau kila kitu mtoto akiwa mbele yao? Hospitali ilikuwa na mdoli mmoja wa mafunzo, umefungiwa kabatini kama vyombo vya wageni, na ufunguo haujulikani uko kwa nani. Mihadhara alitoa, wakasinzia. Kisha siku moja alipita chumba cha mapumziko akawakuta madaktari wapya wanacheza karata. Yule mpole kuliko wote alikuwa anampigia kelele mwenzake: "We! Unalala? Nimetupa jembe, umeona nini?" Na mwenzake hakununa, alirekebisha haraka, mchezo ukaendelea. Shangazi akasimama mlangoni muda mrefu. Watu hawa, wakiwa kitandani kwa mgonjwa, hawathubutu kuambiana "umekosea". Hapa wanaambiana bila haya.

Akaenda akageuza kalenda ya zamani, akachora vitanda nyuma yake. Vizibo vya soda vikawa watoto. Akaokota dadu mbili.

Ndivyo ulivyozaliwa mchezo ambao sisi tuliuita Dakika, kwa sababu kila zamu ilikuwa dakika moja ya maisha ya mtoto. Tulizunguka meza, kila mmoja na kazi yake: kiongozi, wa njia ya hewa, wa dawa, wa kuandika, na mmoja mzazi. Ukitaka kuingiza sindano mshipani unarusha dadu, namba ikiwa ndogo umeukosa, dakika imekwenda. Kulikuwa na mwenzetu ambaye dadu zilimchukia kabisa, tukamwita Mkosa Mshipa, na jina limemfuata mpaka leo, ingawa ni daktari hodari. Mtungi wa oksijeni ulikuwa kete ya kijani ambayo usipoikagua mwanzoni ingeweza kuwa tupu. Ukipewa agizo lazima ulirudie kwa sauti, la sivyo halihesabiwi. Mzazi aliruhusiwa kuingilia wakati wowote kwa kilio na maswali, na wapo waliolia kupita mzazi mwenyewe, mpaka wauguzi wakaja kuchungulia kuna nini.

Kubwa kuliko yote lilikuwa kiti cha simu. Mchezaji mmoja aliipa meza mgongo, akatazama ukuta. Huyo ndiye bingwa aliye mbali. Haoni vitanda, haoni kete. Anajua kile tu anachoambiwa, na kitu pekee alichonacho ni maswali yake. Hakuna aliyependa kukaa pale. Unasikia wenzako wanahangaika nyuma yako, kisogo kinakuwasha, na hujui mtoto yuko hai au la mpaka ujue cha kuuliza.

Mchezo ulipoanza kuzaa matunda, Shangazi akataka ubao wa kuchezea ulio wa heshima, badala ya ile kalenda. Akamwendea mdogo wake getini kwenye ghala.

"Nina kazi ya brashi," alimwambia.

"Tafuta fundi, dada. Mimi nimeacha."

"Fundi ni wewe."

"Rangi zangu zimeshaua."

"Rangi haijaua mtu."

"Umejuaje?"

"Mimi ni daktari."

"Haya, daktari. Basi nini kilimuua?"

Lori likapiga honi, akaenda kufungua geti. Aliporudi alisimama mbele yake akingoja jibu, funguo mkononi. Shangazi akasema, "Pumu." Tena akaongeza, "Pumu tu, mdogo wangu."

Katika yote aliyonisimulia, hapo ndipo alipokuwa akirudia mara nyingi. Mlango ulikuwa wazi, alisema, na mtu alikuwa amesimama ndani yake anamkaribisha.

Mdogo wake alikubali hatimaye, kwa kumhurumia dada yake kuliko kwa kupenda. Alinunua mkebe mdogo, akafanyia kazi nje, uani. Na brashi ilipogusa ubao, mkono ukakumbuka. Alichora vitanda, taa, sinki la kunawia, hata saa ya ukutani yenye mishale. Alileta ubao ule hospitalini ameufunga kwa shuka, na tulipoushangilia alitazama chini akijikuna shingo kama kijana wa shule. Hospitali nyingine zikaomba wa kwao. Akaacha geti la ghala. Alianza kunenepa kidogo, akaanza hata kutania: "Nyie madaktari mnacheza, sisi wagonjwa tunangoja." Shangazi akamuona anarudi katika uhai, na ile habari ikawa ngumu zaidi kusemeka. Nani anamwamsha mtu aliyepata usingizi?

Siku niliyoishuhudia ilikuwa mchana, tumejifungia kwenye chumba cha mikutano, zamu ya kiti cha simu imeniangukia. Uso wangu ulikuwa ukutani karibu na dirisha. Shangazi alisimama kichwani pa meza akisimulia mgonjwa. Siku zote alisimulia kwa kichwa, na wagonjwa wake walikuwa wa kweli.

"Mtoto wa kike, mdogo, hajaanza shule. Ameletwa na baba yake, begani. Ana pumu. Kifuani mna mluzi mnausikia toka mlangoni. Anzeni."

Nilisikia dadu zikibingirika, vicheko, mzazi wetu akipiga mayowe ya kuigiza. Nilisikia pia mlango ukifunguliwa taratibu na kufungwa, nikadhani ni muuguzi. Kisha kiongozi wa meza akanigeukia kwa ile sauti ya simu: "Daktari, samahani kukusumbua. Mluzi umeisha, ametulia, anataka kulala."

Nilikuwa nimeshafundwa. "Kifua kinapitisha hewa?" nikauliza ukuta.

"Hapana," akajibu. "Hakisikiki kitu."

"Hajatulia huyo, anazidiwa! Oksijeni sasa hivi, mvuke usikatike, wekeni dripu, mimi nakuja!"

Meza ikalipuka. Mkosa Mshipa akarusha dadu akaupata mshipa kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, watu wakapiga meza kwa furaha. Baada ya zamu kadhaa Shangazi akakisimamisha kile kizibo kilicholala: mtoto amepona. Tukapongezana.

Akangoja tunyamaze. Kila kundi alilolifundisha alilimalizia mchezo huu kwa maneno yale yale, hakujisamehe hata kundi moja.

"Huyu wenu mmempata. Yule wa kweli hatukumpata. Haya mliyoyafanya leo, siku ile hayakufanyika kwa wakati. Aliyekuwa kwenye simu hakuuliza hilo swali moja."

"Alikuwa nani?" mgeni mmoja kati yetu akauliza.

"Mimi."

Nikageuza kiti. Nilimuona mdogo wake kabla yeye hajamuona. Alikuwa amesimama mlangoni, ubao mpya wa hospitali nyingine kwapani, umefungwa kwa shuka lile lile. Aliuegemeza ukutani polepole, kama mtu anayeweka kitu cha kioo.

"Kumbe kulikuwa na swali," akasema.

Shangazi akageuka. Sijawahi kuona uso ukiisha damu namna ile.

"Mdogo wangu..."

"Kumbe kulikuwa na swali la kuuliza, dada."

Tulitoka chumbani mmoja mmoja bila kuambiwa, tumeinamisha vichwa, tukawaacha na meza. Waliyosemezana Shangazi alinieleza baadaye. Hakupiga kelele, alisema, na afadhali angepiga.

"Kuhusu simu," mdogo wake alimwambia, "mtu anakosea. Mimi mwenyewe nimeshawahi kuandika jina la duka la mtu kwa makosa, nikapanda ngazi nikalifuta. Simu ningekusamehe siku ile ile, kaburini pale pale. Lakini ulikaa kwangu, kati yangu na mke wangu, ukasikia akisema ni rangi. Ukanisikia nakubali. Ukasema tusilaumiane."

"Niliogopa utavunjika."

"Nilivunjika, dada. Ila nilivunjikia kitu ambacho hakikuwepo. Kila nikinusa rangi nilikuwa namuona mwanangu anashindwa kupumua. Na humu ndani mnafundishana, wageni wote wanajua. Mimi peke yangu ndiye nisiyejua." Akashika kitasa. "Nenda kamwambie mama yake. Mimi siwezi, hataniamini, atadhani najitetea."

Shangazi alikwenda. Ilikuwa safari ndefu, kwani wifi yake alikuwa ameolewa tena mji mwingine na ana watoto wadogo. Alimkuta anaanua nguo. Alipokelewa vizuri, akapewa kiti, akapewa maji, na yule mama akaketi mbele yake huku anakunja nguo za watoto, moja baada ya nyingine, muda wote anasikiliza. Shangazi alimaliza. Yule mama akakunja fulana iliyobaki, akailaza juu ya nyingine.

"Wifi, mimi nilimwita baba wa mtoto wangu muuaji," akasema. "Tena si mara moja. Nilimwambia mbele ya mama yangu." Akatazama uani, ambako mtoto wake wa mwisho alikuwa anachezea bomba. "Sasa hili unaloniletea, nikalifanyie nini? Nirudi kwake? Nimuombe radhi na huku nina mume? Ungekuja ile wiki ya kwanza, ningekulilia, ningekutukana, ningekuwa na nyumba."

Hakumfukuza. Alimsindikiza mpaka barabarani, akamtakia safari njema. Shangazi aliniambia angependelea kufukuzwa.

Aliporudi aliongeza sehemu mpya kwenye mchezo wa Dakika. Mtoto akipona au asipopona, mchezo hauishi mpaka kiongozi aketi uso kwa uso na mchezaji aliye mzazi, amweleze kilichotokea, chote, kwa maneno ya kawaida, na mzazi aulize mpaka atosheke. Tuliichukia sehemu hiyo. Hakuna dadu ya kukuokoa, hakuna wa kumtupia zamu. Nimewaona madaktari wazima wakitokwa jasho mbele ya mwenzao anayejifanya baba. Lakini leo ninapotoka kwenye chumba cha dharura kumwendea mzazi wa kweli, miguu yangu inajua njia, na nimeshawaambia watu mambo ambayo zamani ningeyafunika. Wengine wamenishukuru, mmoja alinikunja shati.

Shangazi mwenyewe hakuwahi tena kumsimulia mgonjwa yule wa pumu mezani. Alimuachia mwingine.

Amestaafu sasa, magoti yamemchosha. Mwezi uliopita nilipita kwake kumjulia hali, nikamkuta mdogo wake anapaka rangi lango la nyumba. Sikutarajia. Nikafurahi ndani kwa ndani, nikadhani yamekwisha. Tulisalimiana vizuri, akaniuliza habari za kazi, akaendelea kupaka. Shangazi alikuwa barazani, ameshaandaa chai na vikombe vitatu, birika limefunikwa taulo lisipoe.

Yule bwana alimaliza, akafuta brashi, akaja mpaka kwenye ngazi. Hakupanda.

"Daktari, lango tayari," akasema. "Lisiguswe mpaka jioni."

"Panda basi unywe chai."

"Nashukuru. Nina kazi ninaiwahi."

"Hata kikombe kimoja?"

"Siku nyingine, daktari."

Akaweka mkebe kwenye baiskeli, akaondoka. Nilikuwa sijui pa kuangalia. Shangazi alimimina vikombe viwili, cha tatu akakigeuza kifudifudi kwenye sahani.

"Tangu siku ile," akaniambia, "hajaniita dada. Nikiugua anakuja. Nikihitaji kitu analeta. Hajanikosesha lolote." Akasogeza sukari upande wangu. "Nilimlea mimi huyu. Neno la kwanza alilojifunza kusema lilikuwa dada, mama alikuwa hai bado na alinionea wivu."

Nikatia kijiko kimoja, nikakoroga. Akaniuliza wodi ina watoto wangapi siku hizi, na kama mashine ya mvuke iliyoharibika imeshatengenezwa. Nikamwambia bado.